Ujira wa Kuangalia: Mafaqihi wa Kale na Ada ya Uchunguzi wa Kompyuta

 

Katika miji ya Uingereza, kwenye zile barabara kuu zenye maduka pande zote mbili, yapo maduka ya kutengeneza kompyuta yanayomtaka mteja alipe kabla mashine yake haijafunguliwa. Malipo hayo huitwa ada ya uchunguzi. Mteja anatoa pauni zake, anapewa risiti, anaambiwa arudi baada ya siku mbili tatu. Akirudi, huenda akaambiwa kwamba gharama ya matengenezo inazidi thamani ya mashine, au kwamba haitengenezeki kabisa. Anaondoka na mashine mbovu kama alivyokuja nayo, na fedha zake hazirudi. Waislamu waishio huko, wakiwemo ndugu zetu waliotoka Zanzibar, Mombasa na Barawa, wana haki ya kuuliza: je, fedha ile ni halali kwa mwenye duka? Na fundi wa Kiislamu mwenye duka kama hilo naye ana swali lake: nimekaa saa nzima nikipima kipande kimoja baada ya kingine, nimempa mtu jibu la kweli, kisha nisilipwe kwa kuwa jibu lenyewe halikumfurahisha?

Wapo wanaojibu upesi kwamba hii ni kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun Nisaa aya ya 29, kwa sababu mteja hakupata kitu. Na wapo wanaosema kwamba hizi ni taratibu za maduka ya kisasa, fiqhi haina neno hapa. Majibu yote mawili yanaruka kazi iliyokwisha kufanywa. Kompyuta ni ngeni, lakini mtu anayelipwa kuangalia kitu kilichoharibika asichoweza kuahidi kukiponya si mgeni hata kidogo. Mafaqihi walimjua vizuri. Walimkuta katika sura ya tabibu wa macho.

Ibn Qudama, faqihi mkubwa wa Kihanbali aliyefariki Damascus mwaka 620 Hijria (1223), analizungumza suala hili katika kitabu chake al-Mughni, mlango wa ijara. Mtu anamwajiri tabibu wa macho ili amtie dawa ya wanja. Anasema inafaa, kwa kuwa ni kazi ya halali inayoweza kukabidhiwa. Lakini kazi hiyo ipimwe kwa nini? Tabibu hawezi kujua jicho litahitaji dawa kiasi gani. Basi ipimwe kwa muda, na ielezwe dawa itatiwa mara moja kwa siku au mara mbili. Je, inafaa kuipima kwa kupona, yaani jicho likipona ndipo malipo yawe wajibu? Kadhi Abu Ya'la wa madhehebu hiyo hiyo alikataa, kwa sababu kupona ni jambo lisilojulikana. Ibn Abi Musa aliruhusu, akatoa dalili kwa kisa cha Abu Said al-Khudri (r.a.) kilichomo katika Bukhari na Muslim: Masahaba walipomsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, baada ya kupatana kwanza malipo ya kundi la kondoo. Ibn Qudama akapitisha kati yao hukumu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ufunguo wa suala letu. Alisema inafaa kushurutisha kupona, ila mapatano hayo hayatakuwa ijara, yatakuwa ju'ala.

Kisha akaendelea kusema jambo ambalo mteja wa kompyuta asingependa kulisikia. Tabibu akiajiriwa kwa muda, akatia dawa muda wote huo na jicho lisipone, anastahiki ujira wake kamili. Hiyo ndiyo kauli ya wengi. Imesimuliwa kutoka kwa Imamu Malik kwamba hastahiki kitu mpaka jicho lipone, lakini Ibn Qudama anatanabahisha kwamba wanafunzi wa Malik wenyewe hawakuipokea kauli hiyo kutoka kwake, na yeye anaiona ni dhaifu. Hoja yake ni nyepesi: aliyeajiriwa ametimiza kazi iliyofungiwa mkataba, basi ujira umewajibika hata kama lengo la mwajiri halikupatikana, kama vile mtu aliyeajiriwa kujenga ukuta kwa siku moja na siku ikaisha ukuta haujakamilika.

Tusimame hapa kidogo, maana tofauti ya ijara na ju'ala ndiyo inayokosekana katika mabishano mengi ya kaunta. Katika ijara mtu analipwa kwa kazi inayojulikana. Katika ju'ala analipwa kwa matokeo, na kazi yenyewe inaweza kuwa haijulikani itachukua muda gani wala taabu gani. Asili yake wanaitaja katika Surat Yusuf aya ya 72, pale atakayelileta kopo la mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Asiyelileta hana kitu, hata akitafuta mwezi mzima. Malik, Shafi na Ahmad wameikubali ju'ala. Mahanafi hawakuikubali, isipokuwa katika kumrudisha mtumwa aliyetoroka, kwa sababu waliona ujinga wa kazi ndani yake ni mwingi mno.

Duka linalotangaza kwamba lisipotengeneza halidai chochote linafanya ju'ala. Duka linalotoza ada ya uchunguzi linafanya ijara juu ya kazi ya kuangalia. Zote mbili zina nafasi katika fiqhi. Makosa huingia pale duka linapochukua manufaa ya zote mbili na kumwachia mteja hasara ya zote mbili: linapokea fedha mbele kama mwenye ijara, kisha linazungumza kana kwamba fedha ile ni ya kutengeneza. Mashafi wameziba mlango huu waziwazi. Kwao, kushurutisha kwamba malipo ya ju'ala yatolewe mbele kunaharibu mkataba, kwa kuwa malipo hayo hayajastahiki mpaka kazi itimie. Basi anayetaka fedha mbele aseme wazi kwamba anauza kazi ya kuangalia.

Na kutaka fedha mbele katika ijara si jambo la aibu. Kwa Mashafi na Mahanbali ujira unamilikiwa kwa kufunga mkataba wenyewe, na hulipwa papo hapo isipokuwa kama walipatana ucheleweshwe. Kwa Mahanafi na Mamaliki asili ni kwamba ujira hufuata kazi, ila wakishurutisha kuutanguliza, sharti hilo ni sahihi. Msomaji aliyesoma Minhaj ya Imamu Nawawi katika madrasa za mwambao wetu atakumbuka kwamba katika ijara iliyo dhimmani, ambapo fundi anajifunga kufanya kazi fulani bila kuainishwa kuwa lazima aifanye yeye kwa mkono wake, Mashafi wanataka ujira ukabidhiwe palepale kwenye kikao, kama ilivyo katika salam. Kwa hiyo mtu wa Lamu au Unguja aliyelelewa katika madhehebu hii ndiye wa mwisho kustahili kushangaa anapoambiwa alipe kwanza.

Lipo jambo jingine linaloipa ada hii nguvu zaidi ya kuruhusiwa tu. Sharti la ijara ni kazi kujulikana. Mashine imezimika. Je, ni waya wa umeme, ni kipande cha kumbukumbu kilicholegea, ni diski iliyokufa, au ni ubao mkuu ulioungua? Tofauti ya gharama kati ya la kwanza na la mwisho ni kubwa sana. Fundi anayepatana bei ya kutengeneza kabla hajajua ugonjwa anafunga mkataba juu ya kazi isiyojulikana, na huo ni gharari. Ama atataja bei kubwa ili ajilinde, na mwenye ugonjwa mdogo amlipie mwenye ugonjwa mkubwa. Ama atataja ndogo, kisha atafute njia ya kuongeza. Uchunguzi unaotangulia, wenye bei yake inayojulikana, ndio unaoutoa mkataba wa pili katika gharari. Wanaoipinga ada hii kwa jina la kumlinda mteja hawajalipima hili.

Sasa tuje kwenye sura iliyo ngumu zaidi. Maduka mengine husema: uchunguzi ni pauni kadhaa, lakini ukikubali tukutengenezee, ada hiyo haitahesabiwa. Hapa kazi moja ya kuangalia ina bei mbili, na mteja hajui wakati wa kulipa ni ipi itakayomhusu. Kwa hili tumrudie mshoni wa Kufa. Katika al-Hidaya ya al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), limo suala la mtu aliyempa mshoni kitambaa akamwambia: ukishona kwa mtindo wa Kifursi dirhamu moja, ukishona kwa mtindo wa Kirumi dirhamu mbili. Mahanafi wameruhusu, kwa kuwa ujira unajulikana kwa kazi itakayofanyika. Lakini akisema: ukishona leo dirhamu, ukishona kesho nusu dirhamu, hapo rai zikatofautiana. Abu Hanifa alisema sharti la kwanza ni sahihi na la pili limeharibika, na akishona kesho atapata ujira wa mfano. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, walisema yote mawili ni sahihi. Zufar akasema yote mawili yameharibika. Walimu na wanafunzi wa chuo kimoja, katika mji mmoja, juu ya nusu dirhamu ya mshoni! Ama Mashafi, wao hawakubali bei mbili katika mkataba mmoja.

Kwa mwenye kutaka usalama, njia ipo na si nzito. Uchunguzi uwe mkataba wake, wenye bei moja, iliyothibiti kwa hali zote. Matengenezo yawe mkataba wa pili, unaofungwa baada ya majibu kutolewa na mteja akiwa huru kukataa. Duka likipenda kupunguza bei ya mkataba wa pili kwa kiasi cha ada, hiyo ni hisani yake, na hakuna faqihi anayekataza muuzaji kupunguza. Wengine wamependa kuifananisha ada hii na urbuni, yaani malipo ya awali yanayopotea mnunuzi akighairi. Urbuni jumhuri waliikataza, na Imamu Ahmad akairuhusu kwa kutegemea habari ya Nafi bin Abdil Harith, aliyemnunulia Umar (r.a.) nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka ili iwe gereza. Mwaka 1993 Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha nane, Bandar Seri Begawan, iliiruhusu ikiwa muda wa kusubiri umewekewa mpaka. Lakini mfano huu hauingii vizuri katika suala letu. Urbuni ni fedha isiyo na kazi nyuma yake. Ada ya uchunguzi, ikiwa ni ya kweli, ina kazi nyuma yake, na ikiwa haina kazi nyuma yake basi haihitaji kutafutiwa madhehebu.

Hilo ndilo linaloleta swali la ukweli. Nani atajua kama mashine ilifunguliwa? Mteja hakuwepo, na hata angekuwepo asingeelewa. Mafaqihi waliona mapema sana kwamba fundi anayefanya kazi nyuma ya pazia ni tatizo la aina ya pekee. Wakamwita ajiri mushtarak, yaani mwajiriwa wa wengi, kama dobi, mtia rangi na mshoni, anayepokea vitu vya watu na kwenda navyo dukani kwake. Asili ya kisheria ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana, na mwenye amana halipi isipokuwa amezembea. Hata hivyo imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba aliwatoza madobi na watia rangi dhamana ya vitu vilivyopotea mikononi mwao, kwa hoja kwamba watu hawatatengemaa bila ya hivyo. Malik akachukua msimamo wa kuwatoza mafundi dhamana. Abu Hanifa akabaki na asili ya amana, ila kwa kile kilichoharibiwa na kazi ya mkono wa fundi. Wanafunzi wake wawili wakatoza, isipokuwa katika lile lisiloepukika kama moto mkubwa.

Na Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria (820)? Habari yake ni ya kuzingatiwa na kila anayetoa fatwa. Mwanafunzi wake al-Rabi anasimulia kwamba Imamu aliona fundi hana dhamana asipozembea, lakini hakuwa akiitangaza rai hiyo, kwa kuchelea mafundi waovu. Alikuwa na elimu ya hukumu, na alikuwa na elimu ya soko. Imamu wa msikiti leo anayeulizwa na fundi kama ada ya uchunguzi ni halali, akajibu halali na kunyamaza, amechukua nusu ya kwanza ya Shafi akaiacha ya pili.

Masoko ya kale nayo hayakuachiwa dhamiri za watu peke yake. Vitabu vya hisba, yaani usimamizi wa masoko, vinaonyesha kwamba mafundi walijulikana kwa hila zao moja moja. Al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 6 ya Hijria, na Ibn al-Ukhuwwa wa Misri, aliyefariki mwaka 729 (1329), wanamtaka muhtasibu ahakikishe kwamba mshoni akipokea kitambaa cha thamani kama hariri anakipima kwa mizani kabla ya kukikata, na anakirudisha kwa uzito huo huo. Wanaoziba nguo zilizotoboka walapishwe wasizibe nguo iliyoletwa na dobi ila mwenyewe awepo, kwa sababu dobi aliyeitoboa nguo angetaka ifichwe. Badala ya hariri weka kipande cha kumbukumbu au diski, na utaona kwa nini duka la haki huandika namba za vipande vilivyomo ndani mbele ya mteja kabla ya kuipokea mashine.

Lakini faida kubwa zaidi imo katika mlango wao wa matabibu. Al-Shayzari anaeleza utaratibu anaounasibisha na wafalme wa Wayunani: tabibu akimwingilia mgonjwa amuulize sababu ya maradhi, kisha aandike alichokiona na dawa alizoamuru, na nakala awape jamaa wa mgonjwa. Kesho yake vivyo hivyo, na siku inayofuata vivyo hivyo. Mgonjwa akipona, tabibu huchukua ujira wake na takrima. Akifa, jamaa wanazipeleka zile nakala kwa tabibu mkuu wa mji, naye anazisoma na kuamua kama palikuwa na uzembe, na kama upo, tabibu anatozwa diya. Maandishi yale ndiyo yaliyoifanya kazi ya siri iweze kuhukumiwa na mtu wa tatu. Kuna pia hadithi katika Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah inayomtia dhamanani mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, na mafaqihi wameipitisha kwa mafundi wengine wanaojitia ufundi wasioujua.

Kwa msingi huo naona kwamba kitu kinachouzwa kwa ada ya uchunguzi ni ujuzi wa ugonjwa, na kitu kilichouzwa ni lazima kikabidhiwe. Duka lililopokea ada likasema tu kwamba mashine haitengenezeki, bila kueleza ni kipande gani kilichokufa na kimejulikanaje, halijakabidhi bidhaa yake. Na duka linalokataa kumpa mteja majibu kwa maandishi ili asiende kwa fundi wa pili, limeuza kitu kisha likakizuia. Fedha hiyo ina shaka kubwa, hata kama mashine ilifunguliwa kweli na kazi ikafanyika.

Shaka hiyo si ya kubuni. Mwaka 2009 kituo cha televisheni cha Sky News kilipeleka kompyuta mpakato kwenye maduka kadhaa ya London, ikiwa na hitilafu ndogo iliyowekwa kwa makusudi: kipande cha kumbukumbu kilikuwa kimelegezwa. Kukirudisha mahali pake ni kazi ya dakika chache. Baadhi ya maduka yalitaja hitilafu kubwa ambazo hazikuwepo, na kamera iliyofichwa ndani ya mashine ikawanasa mafundi wakifungua picha za faragha za mwenye nayo. Hapo ada imekuwa mlango wa dhulma mbili, uongo juu ya ugonjwa na hiana ya amana. Siri za mtu zilizomo ndani ya mashine yake ni amana kama nguo zake kwa dobi, na al-Shayzari alikwisha kuwakemea watia rangi waliokuwa wakizikodisha nguo za wateja wao.

Tukumbuke pia kwamba Muislamu aishiye Uingereza ana sheria ya nchi anayoweza kuitumia. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaostahiki, na kama bei haikutajwa, mteja halipi zaidi ya bei ya kiasi, karibu sana na ule ujira wa mfano wa mafaqihi. Huduma ikifanywa vibaya anaweza kudai irudiwe au apunguziwe bei. Hakuna ubaya kuidai haki hiyo, na fundi wa Kiislamu amefungwa nayo kwa mapatano yake.

Je, duka linaweza kuizuia mashine ya mteja ambaye hajalipa ada? Majalla ya Dola ya Othmaniya, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata fiqhi ya Kihanafi, inajibu katika vifungu vya 482 na 483. Fundi ambaye kazi yake inaacha athari kwenye kitu, kama mshoni, mtia rangi na dobi, ana haki ya kukizuia mpaka alipwe. Ambaye kazi yake haiachi athari, kama mchukuzi na baharia, hana haki hiyo. Kuangalia hakuachi athari yoyote kwenye mashine. Basi kwa kipimo hiki fundi aliyechunguza tu ana deni analoweza kulidai, lakini mashine airudishe. Sheria ya mapokeo ya Waingereza nayo kwa kawaida humpa fundi haki ya kuzuia pale kazi yake ilipokiboresha kitu. Huenda hii ndiyo sababu ya kweli ya maduka kutaka fedha mbele: anayejua kwamba hana rehani mkononi hujilinda mwanzoni, na hilo ni katika haki yake.

Limebaki suala dogo ambalo mafundi hulicheka lakini hutokea: mashine inafika dukani, inawashwa, inawaka yenyewe bila kuguswa. Mafaqihi wamelizungumza katika jino. Mtu akimwajiri tabibu ang'oe jino linalouma, kisha maumivu yakaondoka kabla ya kung'olewa, ijara ya kung'oa imevunjika, kwa kuwa haifai tena kuling'oa. Kadhalika mkataba wa kutengeneza umekwisha na hakuna kinachodaiwa humo. Ama ada ya kuangalia, fundi akiwa amekaa na mashine akaipima kweli na kueleza alichokiona, ni haki yake. Na kama aliiwasha tu kaunta ikawaka, hajafanya kazi waliyopatana, basi amrudishie mwenyewe fedha yake. Wallahu aalam.